Je, wakala wa mizigo wa Nairobi anapaswa kujisajili ili kutuma matamko ya usalama ya forodha ya Uingereza na Ulaya?

Karani wa Embakasi ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kampuni ninayoifanyia kazi hukusanya mizigo ya wauzaji wadogo wa maua ya waridi, mishiri (maharagwe mabichi) na parachichi, huipakia pamoja chini ya hati kuu moja ya ndege pale uwanja wa ndege wa JKIA, kisha huisafirisha hadi Uingereza na Uholanzi. Hivi karibuni mnunuzi mmoja wa Uingereza ametuandikia akitaka tumthibitishie kwamba tumejisajili ili kuwasilisha matamko ya usalama ya forodha kabla shehena haijafika kwao. Mnunuzi wetu wa Uholanzi ameuliza swali linalofanana na hilo, ila yeye anautaja mfumo wa ICS2, ule wa Umoja wa Ulaya wa kupokea matamko hayo.

Mkurugenzi wetu anaona jambo hili halituhusu, kwa kuwa tuna idhini ya RA3, tunawasilisha tamko la mauzo ya nje kwa mamlaka ya mapato, KRA, kupitia mfumo wake wa forodha wa iCMS, na bidhaa zetu huingia bila ushuru kutokana na mikataba ya kibiashara ambayo Kenya imetia sahihi na pande hizo mbili. Wakati huohuo amejitokeza mtu anayetaka kutusajili kwa malipo yasiyo madogo, akidai kwamba bila usajili huo shehena zetu zitaanza kuzuiliwa uwanjani.

Naomba mnieleze ni nani hasa anayewajibika kutuma tamko hili, usajili wenyewe unahitaji nini, na kama kampuni iliyo Kenya pekee, isiyo na ofisi wala tawi Ulaya, inaweza kusajiliwa.

Bi. Manifesti amejibu:

Karani, mkurugenzi wako ameyachanganya mambo ambayo kila moja lina mamlaka yake na lengo lake. RA3 ni idhini ya usalama wa usafiri wa anga. Inaonyesha kwamba ghala lenu hukagua na kulinda mizigo ipasavyo kabla ya kuikabidhi kwa shirika la ndege, na hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3. Tamko mnaloliwasilisha kwa KRA linaieleza serikali ya Kenya kinachotoka nchini. Mkataba wa Kenya na Uingereza, ulioanza kutumika mwaka 2021, na ule wa Umoja wa Ulaya, ulioanza tarehe 1 Julai 2024, inahusu ushuru na asili ya bidhaa. Waridi lisilotozwa ushuru hata senti moja linadaiwa tamko la usalama sawasawa na mashine inayotozwa ushuru mkubwa.

Tamko la usalama halimtafuti mlipa kodi. Linataka kujua ni kitu gani kilicho ndani ya sanduku, nani amekituma, nani atakipokea, na kama ni salama kukiruhusu kipakiwe au kikaribie mpaka. Shirika la Forodha Duniani liliweka misingi ya utaratibu huu mwaka 2005 katika mwongozo wake uitwao SAFE. Kwa upande wa ndege mambo yalikazwa zaidi baada ya Oktoba 2010, mabomu yalipogunduliwa yakiwa yamefichwa ndani ya mashine za kuchapisha zilizotumwa kama vifurushi kutoka Yemen; kimoja kilipatikana katika uwanja wa East Midlands, Uingereza, na kingine Dubai. Ndiyo sababu Ulaya sasa inataka taarifa kabla ya mzigo kupakiwa, na haitosheki na zile zinazofika ndege ikiwa tayari angani.

Kuhusu uwajibikaji, sheria za pande zote mbili zinaanzia mahali pamoja: mwenye wajibu ni msafirishaji anayeleta bidhaa katika eneo lao, na kwa mizigo ya JKIA huyo ni shirika la ndege. Kwa hiyo swali lenu la kwanza lisiwe namna ya kujisajili, bali kama mnahitaji kujisajili. Kampuni nyingi za ukubwa wenu hazihitaji, kwa sababu shirika la ndege hupokea data za hati kuu na za hati za ndani (hati ya kila mteja aliye chini ya hati kuu) kutoka kwa wakala, kisha hutuma tamko kwa jina lake. Mnunuzi wako anaweza kuridhika kabisa akiandikiwa barua fupi inayolitaja shirika la ndege kuwa ndilo linalowasilisha, na kwamba nyinyi mnalipatia data kamili kabla ya saa yao ya mwisho ya kupokea mizigo.

Muda pia uangaliwe. Kwa safari ndefu za ndege, tamko kamili linatakiwa liwe limefika angalau saa 4 kabla ya ndege kutua katika uwanja wa kwanza wa eneo hilo. Nairobi hadi Amsterdam ni safari ya takriban saa 8, hivyo mtu anaweza kudhani ana nafasi ya kutosha hata baada ya ndege kupaa. Kwa Ulaya dhana hiyo ni potofu, kwa sababu ICS2 inataka kwanza seti fupi ya taarifa kabla ya kupakia: jina na anwani ya mtumaji, jina na anwani ya mpokeaji, idadi ya vifurushi, uzito, maelezo ya bidhaa, na nambari ya hati. Jibu likirudi kwamba mzigo usipakiwe, basi haupakiwi, hata kama ni waridi la Valentino na lori la baridi linaunguruma nje ya ghala.

Mzee wa Kontena amejibu:

Bi. Manifesti ameeleza vyema. Mimi nitajazia upande wa Uingereza, kwa kuwa huyo anayewaomba malipo nadhani anategemea kutojua kwenu.

Mfumo unaopokea matamko haya kwa Uingereza, Uskoti na Welisi unaitwa S&S GB na unaendeshwa na mamlaka ya kodi na forodha ya huko, HMRC, ilhali uchunguzi wa hatari hufanywa na Border Force. Anayetaka kutuma tamko huko anahitaji vitu vitatu: nambari ya EORI (nambari ya utambulisho wa forodha) inayoanza na herufi GB, akaunti ya Government Gateway yenye kitambulisho na nenosiri, na programu ya kompyuta inayoweza kuzungumza na mfumo huo. EORI haina malipo. Huombwa katika tovuti ya serikali ya Uingereza, na mara nyingine hutolewa papo hapo, mara nyingine hadi siku 5 za kazi iwapo wanahitaji kuhakiki. Akaunti ya Government Gateway nayo haina malipo. Na ndiyo, kampuni isiyo na ofisi Uingereza inaruhusiwa kuomba EORI ikiwa inakusudia kuwasilisha tamko la kuingiza bidhaa la aina hii. Kutokuwa na tawi huko si kizuizi.

Gharama ya kweli iko kwenye kile cha tatu. HMRC haitoi ukurasa wa kujaza tamko hili kwa mkono, kama tunavyojaza fomu za IDF za kuagiza bidhaa hapa kwetu. Ni lazima ununue programu, ulipie huduma ya mwenye mfumo wa pamoja wa data wa bandari au uwanja wa ndege, au umpe kazi hiyo wakala aliye nayo tayari. Kwa hiyo mtu akikwambia atakusajili kwa malipo, mwulize kama bei hiyo inajumuisha programu na utumaji wa kila tamko, au kama anakuuzia EORI ambayo ungeipata bure ukiwa umeketi ofisini. Jibu lake litakueleza ni mtu wa namna gani.

Jambo jingine: huko Uingereza mtu wa tatu anaweza kutuma tamko badala ya msafirishaji, lakini ni sharti msafirishaji ajue na aridhie. Msijisajili, mkalipia programu, mkaanza kutuma, kumbe shirika la ndege nalo linatuma kwa shehena ileile.

Kwa wanaosoma uzi huu na wanapitisha mizigo baharini, saa ni tofauti. Kontena linadaiwa tamko angalau saa 24 kabla halijapakiwa kwenye meli itakayolileta katika eneo husika. Tazama maneno hayo kwa makini: kontena la parachichi likitoka Kilindini kwa meli ndogo na kuhamishiwa kwenye meli kubwa katika bandari ya Salalah, Oman, saa za kisheria zinahesabiwa kutoka upakiaji wa Salalah. Hata hivyo, kampuni za meli hudai data zote kabla kontena halijaondoka Mombasa, nazo zina haki, maana hakuna anayetaka kontena la baridi likwame katikati ya safari likisubiri msimbo wa bidhaa.

Wakala Mkaidi amejibu:

Naheshimu maoni ya walionitangulia, lakini naona mnamhimiza Karani akabidhi siri za biashara yake bila kumwambia anachokabidhi. Wakala anayekusanya mizigo ya wateja kumi chini ya hati kuu moja anapolipatia shirika la ndege data za hati zote za ndani, amelipatia orodha ya wakulima wake na wanunuzi wao, majina na anwani. Mashirika kadhaa yana kampuni dada zinazofanya kazi hiihii ya uwakala. Sisemi kwamba kuna mtu amewahi kuitumia orodha hiyo vibaya. Nasema kwamba orodha ya wateja ndiyo mtaji wetu.

Walioitunga ICS2 walilifahamu jambo hili. Ulaya inaruhusu tamko moja litumwe kwa vipande: shirika la ndege linatuma sehemu ya hati kuu, na wakala anatuma mwenyewe sehemu ya hati za ndani, mfumo ukiziunganisha. Tena sheria yao haiishii kwenye ruhusa. Wakala asiyetaka kumpa msafirishaji maelezo ya hati za ndani analazimika kuyatuma mwenyewe. Hakuna njia ya tatu ya kukaa kimya, na hapo ndipo usajili unapokuwa wa lazima.

Kwa njia hiyo unahitaji EORI ya Umoja wa Ulaya, si ile ya GB, kwani tangu Uingereza ijitoe hizo ni nambari mbili zisizoweza kukaimiana. Kampuni ya nje ya Umoja huiomba katika nchi mwanachama ambako itawasilisha tamko lake la kwanza. Kwenu, mkitumia uwanja wa ndege wa Schiphol, ni Uholanzi, na mkitumia Liège, ni Ubelgiji. Ukishaipata katika nchi moja inatambulika katika nchi zote wanachama. Baada ya hapo unachagua mlango. Kuna kuunganisha mfumo wako na wao moja kwa moja, jambo linalohitaji cheti cha kidijitali na majaribio kabla ya kuruhusiwa kutuma tamko halisi, na kuna kumtumia mtoa huduma wa teknolojia aliyekwisha kuunganishwa. Kwa kampuni ya Embakasi isiyo na idara ya kompyuta, mlango wa kwanza sioni kama unafaa hata kufikiriwa.

Na usisahau kulipatia shirika la ndege EORI yako, kwa sababu katika sehemu yao ya tamko wanatakiwa kumtaja anayetuma sehemu iliyobaki. Wasipoitaja, vipande havikutani.

Karani wa Embakasi:

Nawashukuru sana. Wakala Mkaidi, hoja yako kuhusu orodha ya wateja imemfanya mkurugenzi aache kusema kwamba jambo hili halituhusu.

Kuna jambo moja ambalo bado linanitatiza. Sehemu ya maua ya mnunuzi wa Uingereza haiendi London moja kwa moja. Hushuka Schiphol, hupakiwa kwenye lori na kuvuka bahari kwa feri. Je, tamko lililotumwa ICS2 linatosha kwa safari nzima, au Uingereza inataka lake?

Dereva wa Kalamu amejibu:

Inataka lake. Kwa muda mrefu baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja, bidhaa zilizokuwa zikiingia huko kutoka nchi za Umoja zilisamehewa tamko la usalama, hata zile ambazo asili yake ilikuwa Afrika, ilimradi safari ya mwisho ilianzia Ulaya. Msamaha huo ulikoma tarehe 31 Januari 2025. Kwa hiyo waridi la Naivasha linaloshuka Schiphol na kuendelea kwa lori linadaiwa matamko mawili: la kwanza kwa Ulaya kupitia ICS2 kabla ya kufika Schiphol, na la pili kwa Uingereza kupitia S&S GB kabla ya kufika bandari ya kule. Nadhani hili ndilo lililomsukuma mnunuzi wako kuandika barua.

Wajibu wa tamko la pili hauko kwenu wala kwa shirika la ndege. Lori likivuka na dereva wake, anayewajibika ni kampuni ya lori. Trela likivuka peke yake bila dereva, anayewajibika ni kampuni ya feri. Kwa feri za mlango wa bahari muda ni angalau saa 2 kabla ya kufika, na kwa njia ya reli ya chini ya bahari ni angalau saa 1. Muulizeni mnunuzi ni nani anayemkodi mwenye lori. Ikiwa ni yeye, mwelekezeni huko kwa upole, kwani swali alilowauliza alipaswa kumwuliza msafirishaji wake mwenyewe.

Wakati huohuo Uingereza ilipunguza mzigo wa kujaza: sasa kuna sehemu 20 za lazima, 8 zinazotegemea hali, na 9 za hiari. Kwa hiyo mwenye lori hana udhuru mkubwa, lakini hawezi kubuni. Maelezo ya bidhaa, msimbo, uzito na idadi ya masanduku vinatoka kwenu Nairobi. Akivipata usiku wa manane kwa picha ya simu iliyofifia, atajaza anachoweza kusoma.

Bi. Manifesti amejibu tena:

Hilo la mwisho la Dereva wa Kalamu ndilo ningependa Karani akae nalo zaidi ya usajili wenyewe, maana hata mkijisajili kila mahali, tamko bovu litarudi bovu.

Upande wa Ulaya unataka msimbo wa bidhaa wa tarakimu 6 kwa kila hati ya ndani. Waridi lililokatwa ni 0603.11, mishiri ni 0708.20, parachichi ni 0804.40. Hayo hayana utata. Utata huja pale sanduku moja linapobeba waridi, maua ya karnesheni na majani ya mapambo, na karani aliyechoka anaandika "maua" kwa yote, au vibaya zaidi, "bidhaa mchanganyiko". Maelezo ya jumla namna hiyo hayakubaliki: si "shehena ya kawaida", si "vipuri", si "zawadi", si "sampuli". Andika kitu chenyewe kwa jina ambalo mtu asiyekiona angeweza kukitambua.

Anwani nazo zinatuangusha sana hapa nyumbani, kwa sababu tumezoea kuandika sanduku la posta na mji, basi. Mchunguzi aliye upande wa pili anataka kujua mzigo unakotoka hasa, kwa hiyo andikeni barabara, eneo au shamba pamoja na hilo sanduku la posta. Kwa mpokeaji, ombeni EORI yake mapema na muiweke kwenye kumbukumbu zenu za kudumu. Msisubiri siku ya ndege.

Mkipata swali kutoka forodha ya Ulaya, fahamuni kwamba si adhabu. Kuna ombi la maelezo zaidi, ambalo hujibiwa kwa kurekebisha au kuongeza data. Kuna ombi la kukagua mzigo kwa kiwango cha juu, ambalo hutekelezwa ghalani. Na kuna ile amri ya kutopakia, ambayo hutolewa pale penye dalili ya tishio la kweli. Mawili ya kwanza yanatibika haraka iwapo kuna mtu macho kwenye barua pepe. Kampuni inayosafirisha usiku lakini ofisi yake inafungwa saa 11 jioni itapoteza ndege kwa swali la dakika kumi.

Mzee wa Kontena:

Karani, kabla hujaandika barua ya kumjibu mnunuzi, waulize walio karibu na mkataba wenu kama kuna shehena yoyote inayoishia Belfast. Ireland ya Kaskazini inafuata utaratibu wa ICS2, wala S&S GB haihusiki huko, na EORI yake huanza na XI. EORI ya XI huombwa na mtu ambaye tayari ana ile ya GB.

Karani wa Embakasi:

Hatuna shehena ya Belfast kwa sasa, ila nitaiweka katika maelezo. Tumekubaliana ofisini kwamba kwa ndege za moja kwa moja hadi London shirika la ndege litaendelea kuwasilisha; kwa Uholanzi tutaomba EORI huko na kutafuta mtoa huduma wa teknolojia, kwa sababu ya lile suala la orodha ya wateja; na mnunuzi wa Uingereza ataelezwa kwamba mwenye lori ndiye anayedaiwa tamko la feri, nasi tutampa mwenye lori data lori linapopangiwa zamu. Huyo wa kutusajili kwa malipo tulimwuliza swali la Mzee kuhusu programu, na hadi sasa hajapiga simu tena.